Msalaba Ulioteleza Mstari Mmoja

12 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hunijui, na pole ikitoka kwa mtu usiyemjua huwa inashtua zaidi, basi niseme kwanza mimi ni nani. Mimi ni fundi wa mizani. Napita madukani na sokoni na mawe yangu ya shaba, napima kama mizani za watu zinasema kweli. Ila zamani, kabla ya mizani, nilikuwa seminarini, na kaka yako Profesa alinifundisha teolojia miaka mitatu. Kwa kuwa nilikuwa wa mwisho kufika kila mahali, darasani hata mezani, wenzangu waliniita Kobe. Yeye naye tulimwita Padri Ngoja, kwa sababu ukimwuliza swali lolote, hata la saa ngapi, alianza na "ngoja kwanza."

Jana nimenunua kalenda mpya ya jimbo. Nikafungua orodha ya mapadre kule nyuma, nikaona msalaba mbele ya jina lake. Mama, nilikaa chini palepale kwenye ngazi za ofisi ya parokia. Sikuwa nimesikia hata fununu. Pole sana wewe na ndugu wote.

Sijui watu walisema nini kwenye mazishi. Labda walihesabu mapadre aliowasomesha na lugha alizozijua. Mimi nina dogo la kusema. Siku ya mtihani wa mdomo nilishindwa kufungua kinywa. Walimu wawili aliokaa nao walishaanza kutazama saa. Yeye akasema, "Ngoja kwanza, huyu anafikiri," akatoa chungwa mfukoni, akalimenya taratibu, ganda likatoka zima bila kukatika, mpaka nikapata maneno. Nilijibu vibaya. Akanipitisha, akasema nimekosea kwa uangalifu.

Ninacho kitu chake. Ni kifurushi cha karatasi zilizochapwa kwa mashine, alinipa nikitunze wakati ule. Kimefungwa kwa karatasi ya kaki ambayo bila shaka wewe uliwahi kumtumia kitu ndani yake, maana anwani yako ipo nyuma kwa wino wa bluu, na ndiyo niliyoitumia leo. Naona sasa ni haki yako. Niambie nikitume kwa njia gani.

Pole tena, Mama.

Kobe, fundi wa mizani


20 Januari

Mwanangu Kobe,

Marahaba. Asante kwa pole, ila itabidi uichukue mwenyewe uiweke, tutaihitaji siku nyingine. Kaka yangu hajafa.

Nilipofungua barua yako nilipiga yowe mpaka jirani akaja na ufagio akidhani ni nyoka. Nikapiga simu kwenye nyumba ya mapadre wastaafu, nikamtaka mhudumu aende chumba namba sita aangalie. Akasema, "Profesa yupo, anabishana na redio." Nikasema mpe simu. Nikasikia, "Ngoja kwanza, nani huyu?" nikalia kama mtoto. Nilikuwa opereta wa simu miaka thelathini na mmoja, nimewaunganisha watu na misiba yao na harusi zao, lakini sauti tamu kama ile sijawahi kuipokea.

Habari yenyewe ni hii. Aliyefariki ni mwalimu wa sheria za Kanisa, waliyekaa naye ukuta kwa ukuta, Mungu amrehemu. Katika orodha jina lake limetangulia la kaka. Mchapaji msalaba ukamteleza mstari mmoja. Basi yule mzee aliyetaka kila kitu kiwe mahali pake ameachwa hai kwenye karatasi, na huyu wangu ambaye hajui hata soksi zake zilipo ndiye aliyezikwa.

Nimemsomea barua yako kwenye simu. Pale kwenye chungwa alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilipofika kwenye kifurushi alinikatiza. Akasema, "Nisomee hapo tena." Nikasoma. "Amesema nilimpa akitunze?" Nikamwambia ndivyo alivyoandika. Akaomba anwani yako, akaaga bila kuniuliza habari za mguu wangu, na mguu wangu huwa hausahau.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, na nimesikiliza simu za watu kuliko kazi ilivyoniruhusu. Anayesema nusu ya kweli namjua hata akiwa kwenye karatasi. Kuna nini na hicho kifurushi?

Dada yake Profesa


27 Januari
Chumba namba 6

Kobe wangu,

Anayekuandikia ni marehemu. Usiogope, hajambo, isipokuwa magoti.

Nimeshaombewa misa kumi na mbili na wanafunzi wangu wa zamani walioamini kalenda. Niliuliza ofisi ya askofu kama zinaweza kuwekwa akiba, wakasema hawana utaratibu huo. Nimezielekeza kwa jirani yangu, ambaye utaratibu angeujua. Pia nimepata bahati wanayoikosa wafu wote, kuzisoma sifa zangu. Wengi wamemsifu mtu nisiyemfahamu. Wewe umenisifu kwa chungwa, na chungwa lenyewe nalikumbuka, lilikuwa chachu ajabu.

Sasa neno moja. Hicho kifurushi, kama ndicho ninachofikiri, sikukupa ukitunze. Nilikupa ukipeleke kwa msomaji wa vitabu wa jimbo, yule mzee ambaye bila sahihi yake padri hachapishi kitabu. Wiki ileile uliacha seminari, sikukuona tena. Na kitabu nacho sikukisikia tena. Msomaji hakuniandikia hata mstari, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Mimi niliapa utii. Nikakichukua kimya chake kuwa ndilo jibu, nikaona si adabu kumwuliza mtu swali alilokwisha kulijibu. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Nimeishi miaka ishirini na sita nikiamini kwamba alikisoma, akaona hakistahili hata kukataliwa. Na hicho ndicho kitabu changu pekee.

Sikulaumu, maana sijajua la kulaumu. Niambie tu, kilifika?

Mwalimu wako


3 Machi

Kobe,

Wiki tano. Najua unaitwa Kobe, lakini hata kobe hutoa kichwa. Kaka yangu kila siku saa nne anashuka ngazi kuuliza kama kuna barua, na daktari alimkataza hizo ngazi. Yeye halalamiki, ndiyo maana nalalamika mimi. Mficha uchi hazai, mwanangu. Kama karatasi zake umefungia karanga, sema tujue moja.

Dada yake


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana.

Hakikufika.

Ulinipa kifurushi baada ya kifungua kinywa. Saa tatu nilikuwa ofisi ya askofu. Msomaji alikuwa kikaoni, wakaniweka kwenye benchi la mbao mbele ya mlango wake, nikangoja mpaka saa sita. Kamba ya kifurushi ilikuwa imelegea. Sikuwa na nia mbaya, Baba, nilikuwa na muda tu. Nikafungua katikati, nikaanza kusoma sura ya tano.

Mle mlikuwa na kijana. Alipougua utotoni mama yake aliweka nadhiri kwamba akipona atakuwa padri. Akapona. Akaenda seminari kwa kuwa mama alishamwambia kila mtu. Hakuwa na wito, alikuwa na hofu ya kumwaibisha mama. Na kila sala ya jioni, wenzake wakisali, yeye alihesabu madirisha ya kikanisa. Ishirini na mawili.

Habari ya hayo madirisha nilikuambia mimi. Chumbani kwako, mlango umefungwa, ile wiki ya mvua. Haikuwa kitubio, najua, lakini nilikuambia wewe peke yako. Na mimi mama yangu aliniwekea nadhiri. Nikaona umenichukua mzimamzima ukanitia kitabuni, na mapadre wa jimbo zima watanisoma, na mama yangu, ambaye kusoma alijua vizuri sana, atanisoma pia. Nilifika ukurasa wa themanini na nane, chini kabisa. Mlango ukafunguliwa. Karani akaniuliza, "Umeleta kitu?" Nikasema, "Hapana, nimekosea ofisi."

Nikaenda nacho nyumbani. Nikajiambia nitakirudisha wiki ijayo. Wiki ikawa mwaka, na aibu ikishapata kiti haiinuki. Mama alilia siku mbili, siku ya tatu akaniuliza sasa nitakula nini maishani, nikajua tumepona. Nikajifunza mizani. Miaka yote hii nawafokea wauza sukari kwa ajili ya gramu tano, na mimi chini ya kitanda nina kilo mbili za mtu. Nafsi imenisuta mpaka imechoka.

Kila mwaka nainunua kalenda ya jimbo kwa jambo moja tu, kuangalia kama una msalaba. Nilijiambia siku nitakayouona nitapumzika, kwa kuwa sitakuwa tena na wa kumkabili. Nilipouona sikupumzika hata kidogo. Ndipo nikamwandikia dada yako, na hata kwenye barua ya rambirambi nikadanganya.

Sikujua kwamba ulidhani umekataliwa. Nilidhani umeandika vingine, maana mtu kama wewe niliona vitabu vinamtoka kama jasho. Nisamehe, Baba. Ukishindwa nitaelewa. Niambie nikilete wapi.

Kobe


19 Machi

Kobe wangu,

Ngoja kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikatoka nje nikaizunguka bustani bila fimbo, mhudumu akanifuata mbio na fimbo mkononi. Alinikuta nikisema peke yangu, "Hakukisoma! Hakukisoma!" Yule mzee wa watu nimemnung'unikia moyoni miaka ishirini na sita, kumbe alikuwa kikaoni. Hakuna aliyenikataa. Huwezi kujua mzigo ulionitua. Kesho namwombea misa na kumtaka radhi.

Kama nimekasirika? Ndiyo. Juzi nilikasirika mchana kutwa, nikasema maneno ambayo sitayaandika. Kitabu kimoja ni kitu kikubwa kwa mtu asiye na watoto. Jana hasira ilikuwa imechoka. Nikakumbuka kwamba kwa kukikosa kitabu niliyamimina yote yale darasani, mwaka baada ya mwaka, na sasa yamo kwenye mahubiri ya watu ambao hata hawakumbuki waliyaokota wapi. Hayo si haba. Umesamehewa. Nasema hivyo kama mwalimu na kama mtu. Kama padri, njoo mwenyewe, dhambi haziondolewi kwa posta.

Lakini adhabu utaipata. Kwanza ujue kwamba sista wa ofisini alimaliza kuichapa sura ya tano kabla ya mvua zile, kabla wewe hujabisha hodi mlangoni kwangu. Sasa kavute hicho kifurushi, ukifungue palepale ulipoishia, ugeuze ukurasa. Mmoja tu. Usome kwa sauti, mkeo akiwepo. Ukishamaliza, fanya nilichokutuma.

Na safari hii wiki tano za kungoja barua sikupi.

Mwalimu wako


26 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimegeuza.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikasimama mlangoni kama mtoto wa shule, nikasoma ukurasa wa themanini na tisa:

"Kijana huyo hakuondoka. Katika mwaka wa kumi na moja wa upadre wake mwanafunzi alimwuliza swali, naye kwa mara ya kwanza akajibu kwamba hajui. Hakuna aliyecheka. Akatambua kwamba hakuwa tena pale kwa ajili ya mama yake. Kama angeondoka mapema, Mungu angemngoja kwenye mlango mwingine, wala asingenuna. Nayajua haya kwa sababu kijana huyo leo ana miaka hamsini na mmoja, na ndiye anayeyaandika. Madirisha ni ishirini na mawili. Niliyahesabu miaka saba."

Mke wangu akaweka ungo chini, akasema, "Sasa huyu ndiye uliyekuwa unamkimbia?"

Baba, mimi leo nina miaka hamsini na mmoja. Wewe ulikuwa unaisema siri yako, mimi nikadhani unaitangaza yangu. Ile siku nilipokuambia habari ya madirisha uliinama ukafunga kamba ya kiatu muda mrefu sana. Miaka yote nimeamini ulikuwa unaficha kicheko.

Kilichobaki nimekisoma kwa siku mbili. Jana nikaacha mizani, nikavaa shati la kanisani, nikaenda ofisi ya askofu. Jengo wamelipaka rangi upya ila benchi ni lilelile. Msomaji wa sasa ni padri kijana, uliyemfundisha wewe. Alitoka mwenyewe mlangoni, akaniuliza, "Umeleta kitu?" Nikasema, "Ndiyo. Nimechelewa kidogo."

Nimemwomba karatasi ya kupokelea yenye mhuri. Akacheka, akaniuliza kama simwamini. Nikamwambia asiyeaminika ni mimi. Nimeiambatisha hapa ujionee mwenyewe.

Kobe


14 Aprili

Mwanangu Kobe,

Nimetoka kumwona kaka. Anaimba. Sauti hana, hajawahi kuwa nayo, lakini anaimba mpaka bafuni, na mapadre wenzake wameanza kulalamika kwa mkuu wa nyumba. Ile karatasi yako yenye mhuri ameibandika ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo watu wengine huweka picha zao za chuo. Hata mguu wangu ameuulizia, mara mbili.

Nilipokuandikia ile barua ya karanga nilikuwa na hasira. Sasa nimeimaliza, nawe usiiweke moyoni. Mtu akiniletea kifo cha kaka yangu mwezi wa kwanza, akamrudisha mwezi wa tatu akiwa na furaha ambayo sijaiona tangu tukiwa watoto, nitamnunia kwa lipi?

Dada yake


8 Desemba
Chumba namba 6

Kobe wangu,

Sahihi imepatikana. Msomaji aliniuliza maswali manne, matatu ya haki na moja la kujionyesha, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Nusu ya majibu niliyoyaandika zamani siyakubali tena, nimeyarekebisha kwa penseli, naye amevumilia.

Ila kwenye ukurasa wa themanini na tisa alikuwa ameandika pembeni, kwa mwandiko mdogo wa adabu: "Je, Profesa angependa maneno haya yaondolewe, kwa ajili ya heshima yake?" Nilikaa na karatasi ile wiki nzima. Nikakumbuka ulivyokaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza nikakuelewa vizuri. Kijana wa miaka ishirini na mitano kuogopa kusomwa si ajabu, ikiwa mzee wa sabini na saba anatetemeka. Nikampigia simu dada yangu nimwulize. Akasema, "Hiyo nayo ni siri? Ulikuwa ukija likizo unahesabu hata madirisha ya sebuleni. Mama mwenyewe alijua, alikuwa anangoja useme." Basi nikaandika chini ya swali la kijana: Yabaki.

Mtambo umeshaanza. Nakala yako ya kwanza inakuja, na ukifungua utakuta mstari mmoja peke yake kwenye ukurasa mtupu: "Kwa Kobe, aliyekitunza." Ndivyo ulivyomwandikia dada yangu, na nikitazama vizuri naona hukudanganya sana. Panya hawakukigusa, maji hayakukigusa, hata karatasi ya kaki ni ileile. Kwangu kingepotea mara tatu, ziulize soksi zangu.

Kalenda mpya nayo imetoka. Msalaba umerudi kwa mwenyewe, mstari mmoja juu, na mimi nimefufuka bila sherehe. Najua huwa unainunua kila mwaka ili kuniangalia. Mwaka huu iache dukani. Panda gari uje uniangalie mwenyewe, na ulete chungwa, safari hii liwe tamu.

Mwalimu wako,
mzima